Tangi la Saluni Limeota Mwani, Mdogo Wangu Kaondoka

Shangazi mpendwa,

Naomba msaada wako haraka kabla sijalibeba hili tangi na samaki wake nikalitupa barabarani, maana nimechoka, nimechoka kabisa. Mimi nina saluni ya wanawake, wateja huniita Bosi, na miezi michache iliyopita niliona kwenye hoteli moja tangi la samaki wa maji ya chumvi, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, nikasema na mimi lazima niwe nalo, nikalinunua, nikaliweka dirishani ili hata anayepita nje alione, na taa yake ya buluu nikaiacha inawaka kutwa kucha, na kwa kweli mwanzoni watu walikuwa wanaingia kuangalia samaki wanaishia kuseti nywele.

Basi mchanga ukaanza kushika vumbi la kahawia kama mtu kanyunyiza hina. Nikaosha. Nilitoa kila kitu, mawe, mchanga, sponji ya chujio, nikavisugua kwenye sinki la kuoshea nywele kwa maji ya moto ya bomba na shampuu kidogo, nikavirudisha vinang'aa, lakini haikupita wiki vumbi likarudi, nikaosha tena, likarudi tena, kisha ukaja mwani wa kijani, nyuzi ndefu zinacheza juu ya mawe, na Shangazi, mimi nauza usafi, nani atanipa kichwa chake akiona uchafu ule? Mke wa mwuza mbao, mteja wangu wa siku nyingi, akaniuliza mbele ya benchi zima, "Bosi, hawa samaki nao wanasubiri kusukwa?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Na aliyecheka kuliko wote ni mdogo wangu, tumbo moja, ambaye ndiye msusi wangu na tulianza naye saluni hii tukiwa na kiti kimoja cha plastiki. Tangu mwanzo alikuwa hanyamazi, "Dada, unaosha mno, utawaua hao samaki," mimi nikaona ananitilia uchuro. Asubuhi moja nikamkuta samaki mmoja anaelea tumbo juu, nikapandwa na hasira, nikamwambia mbele ya wateja kwamba yeye ndiye anayemwaga dawa za nywele mle ndani, kwamba ana kijicho, na kwamba ndiyo maana mume alimrudisha kwao, roho kama ile nani angekaa nayo. Alimaliza kichwa alichokuwa anasuka, akafagia, akakusanya vitana vyake akaondoka, na mpaka leo yuko kwa mama, na mama naye hapokei simu zangu, eti mimi ndiye mkosaji!

Sasa niambie, huu mwani nautoaje usirudi tena? Na nimfanyeje huyu mtoto aje aniombe radhi, maana amenivunjia heshima kwenye kazi yangu mwenyewe.

Bosi niliyechoka

*

Bosi,

Na mimi umenichosha. Barua yako nimeisoma chai ikapoa mezani.

Tuanze na tangi, kwa kuwa naona ndilo linalokuuma zaidi. Nimempigia mwuza samaki wa mapambo ninayemfahamu, nikamsomea ulichoandika. Nilipofika kwenye shampuu akaniomba nirudie, akidhani nimekosea kusoma. Lile vumbi la kahawia hakulileta mtu. Tangi jipya la maji ya chumvi karibu kila mara hulipata, na ukiwa na subira huisha lenyewe. Kwenye mawe na mchanga huota vijidudu vyema vinavyokula uchafu wa samaki, na wewe kila vinapoanza kushika unavimwagia maji ya moto na shampuu, halafu unashangaa uchafu umejaa na mwani unanenepa. Samaki wako hakulogwa. Umemwua kwa kumwosha, na aliyekuonya ukamwita mwenye kijicho.

Sasa fanya hivi, na usiniletee ujuaji. Dirisha litie pazia zito, jua lisipige tangini. Taa iwake masaa manane kwa siku, basi, uizime. Chakula kidogo, kiasi wanachomaliza papo hapo. Maji ya bomba marufuku: tumia maji yaliyochujwa vizuri na chumvi maalumu ya matangi, na kila wiki ubadilishe sehemu ndogo tu. Ile sponji iliyonyonya shampuu itupe, weka mpya, na siku ukitaka kuisuuza, isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini. Nyuzi za kijani zing'oe kwa vidole, kioo kifute, mengine usiyaguse. Tafuta konokono wachache wa baharini wakusaidie kula mwani. Halafu tulia, uache kuosha osha.

Haya, mdogo wako. Unataka aje akuombe radhi kwa lipi? Kwa kucheka? Benchi zima lilicheka, na mimi nimecheka. Wewe umechukua jambo lililomliza nyumbani kwake ukalianika mbele ya wanawake wanaosubiri kuseti nywele, kisa samaki. Nimekasirika. Mama yako amefanya vizuri kutopokea simu. Na kwenye barua yote hiyo hukuuliza hata mara moja yeye ana hali gani.

Usimtumie ujumbe, usitume mtu. Funga saluni siku moja uende mwenyewe, umwombe radhi mbele ya mama yenu. Hiyo ni nusu tu. Ulimtukana watu wakisikia, basi na hili walisikie. Chagua siku benchi limejaa, huyo mke wa mwuza mbao akiwepo, zima madraya yote, useme kwa sauti kwamba dawa hakumwaga, kwamba uliyosema kuhusu ndoa yake yalikuwa matusi na uongo, na kwamba samaki ulimwua wewe. Useme mdogo wako awepo asiwepo, na neno "lakini" nisisikie umelitia.

Na akikataa kurudi kazini, usiniandikie tena kunieleza kwamba ana kiburi. Amekataa kutukanwa tu, na angekuwa binti yangu ningemsaidia kutafuta chumba cha kufungulia saluni yake, mkabala na mlango wako.

Shangazi