Mstari Mmoja Chini ya Chapa

Ankara,
Jumatatu asubuhi

Kwa Baba,

Habari ya huko? Kifua kimepoa? Mama bado anakulazimisha kuvaa sweta ukitoka alfajiri kwenda soko la mifugo? Mimi sijambo, Mungu ni mwema. Nakula, nalala, na baridi ya huku nimeizoea jinsi mtu anavyozoea mgeni asiyetaka kuondoka. Nasikia mvua imepiga Ngaremara mara mbili. Nilipoambiwa hivyo niliketi kitandani nikajaribu kuikumbuka harufu yake, na ikaja.

Najua macho yako hayataki tena herufi ndogo, kwa hivyo ni Mama anayekusomea. Mama, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona ni pa aibu. Pa aibu ni hapa mwanzoni.

Baba, wiki tatu zilizopita uliniambia kwenye simu kwamba mikono yako imeanza kutetemeka na huwezi tena kushika chuma cha kuchapa ngamia wetu kikiwa moto. Ukasema Baba Mdogo anataka chuma kiende kwa mwanawe Ekal, kwa kuwa ndiye anayechunga, na kwa kuwa binti akiolewa huchukua chapa ya huko anakoenda. Hukuwa na hasira uliposema hayo. Kisha ukaniuliza, "Lakini Nakwang ni wako. Sasa wewe unasema aje?" Simu ikanyamaza. Baadaye nikakutumia ujumbe kwamba mtandao ulikatika. Baba, mtandao haukukatika. Ni mimi niliyekata.

Mama ameniambia yaliyofuata. Nakwang, yule ndama jike wa ngamia aliyezaliwa wiki niliyosafiri ukasema ni wangu, amefungwa uani mpaka leo. Wenzake wako na Ekal malisho ya mbali. Yeye hawezi kwenda, kwa sababu mnyama asiye na chapa akichanganyika na wa watu huwa wa watu, na wewe hutaki kumchapa kabla sijajibu. Kila asubuhi Mama anamkatia matawi ya mgunga. Mwisho wa mwezi Ekal anarudi kuchukua unga na chumvi, na akiondoka tena, ama ataondoka naye ama ndama atabaki kukonda pale. Haya yote nilikuwa nayajua, na bado sikupiga simu. Nilikuwa nikijiambia kwamba nikisema chuma kiende kwa Ekal, nitakuwa nimefunga mlango wa kwetu nikiwa nje.

Sasa acha nikueleze wikendi yangu, maana jibu nimelipata huko.

Elif, msichana ninayeishi naye chumba kimoja, alinialika kwao Kayseri. Ni mji wa zamani sana, mwendo wa saa saba hivi kwa treni kutoka hapa. Tulifika jioni ya Ijumaa, nikalala bila kuona chochote. Jumamosi asubuhi nilifungua pazia na, Baba, nilishika ukuta. Mlima umesimama juu ya mji, peke yake, theluji kichwani. Nilidhani niko nyuma ya nyumba yetu, siku zile chache ambazo mawingu huondoka na Mlima Kenya ukaonekana mweupe kabla jua halijapanda. Nilisimama pale muda mrefu nikingoja kusikia punda wa maji wa jirani. Mama yake Elif akaja, akaniona ninalia kidogo, akanivisha sweta lake bila kuuliza. Naona akina mama wote mnaamini sweta ni dawa.

Siku hiyo tulitembea tu. Ngome ya mji ni ya mawe meusi, meusi kama yale ya kule Marsabit, na ndani ya kuta zake watu wanauza vitambaa na bakuli za shaba kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kuna mtaa ambao nyama ya ng'ombe iliyokaushwa inaning'inia madukani, imepakwa viungo vyekundu. Nilimwambia mwenye duka kwamba hata kwetu tunakausha nyama, lakini yetu haijui kujipamba hivi. Elif akamtafsiria, naye mwenye duka akanikatia kipande nionje. Kilikuwa kitamu. Usimwambie Nyanya kwamba nimesema hivyo.

Watu walinitazama, siwezi kudanganya. Wengine waliomba kupiga picha nami, na mama mmoja alinigusa nywele. Siku nyingine ningekasirika, unanijua. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nikitembea kama mtu aliyeamka nusu, na kila kona niliyokata nilikuwa na hakika nitatokea kwetu, pale kwa akina mama wanaouza maziwa.

Jumapili Elif alinipeleka nje ya mji, kwenye nyumba ya misafara. Zamani wafanyabiashara waliokuwa wakipita na ngamia wao walilala humo, watu na wanyama pamoja, lango likafungwa mpaka asubuhi. Kutoka nje ni kama boma, ila ni la mawe na ni kubwa kuliko uwanja wetu wa mnada. Ndani kuna ukumbi mrefu wa nguzo nene ambako ngamia walilazwa wakati wa baridi. Mwanga unaingia juu kabisa, kwa vitundu vyembamba, na njiwa wamejaa huko. Tulikuwa sisi wawili, vijana watatu wa chuo cha hapo, na mzee mlinzi wa mahali, mwenye kofia ya sufu na thermos ya chai.

Nikaweka mkono kwenye nguzo, na chini ya vidole vyangu kulikuwa na chapa.

Si mchezo, Baba. Alama zimechongwa kwenye mawe, ndogo, za kutosha kiganjani. Moja kama mshale, moja kama kwato, moja mistari miwili iliyokatana. Kila jiwe na alama yake. Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: kila mwenye ngamia aliweka chapa yake mahali ambapo wanyama wake walilala, ili kesho yake asigombane na mtu. Nikaanza kuwasomea wale vijana vile ulivyonifundisha sokoni nikiwa mdogo, uliponiambia nisome paja la mnyama kabla sijamtazama mwenye mnyama. Huyu wa mshale ni tajiri, nikawaambia, ameshika upande mzima. Huyu wa kwato ana ndugu, wamelala karibu. Na huyu hapa, maskini, ana mawe mawili tu, labda ukame ulimpiga. Niliongea kwa kujiamini kama dalali siku ya mnada. Yule mzee alikuwa akinifuata nyuma, na Elif akimtafsiria. Akaniuliza huyu wa mshale alikuwa na ngamia wangapi. Nikapiga hesabu, nikamwambia si chini ya arobaini.

Mzee hakunicheka. Alinimiminia chai kwanza. Kisha akaeleza kwamba zile ni alama za mafundi waliochonga mawe. Kila fundi alikuwa na yake, ijulikane kazi ipi ni ya nani. Hakuna ngamia hata mmoja.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwanafunzi mzima wa uhandisi wa maji, nimesimama kwenye jengo la watu nikihesabu mifugo isiyokuwepo. Vijana walicheka, na walikuwa na haki. Lakini mzee akasema nimekosea kitu kimoja tu. Wa mshale kweli alikuwa na mawe mengi, alifanya kazi hapa miaka. Na wa mawe mawili kweli kuna jambo lilimpata, aliugua au aliondoka, hakuna anayejua. "Wewe umeona watu," akasema. "Wageni wengi wanaona mawe."

Akanipeleka mpaka ukuta wa mwisho, akanionyesha alama ya mshale, na kando yake mshale mwingine uleule, ila chini yake una mstari mmoja mfupi. Akasema alivyosikia kwa babake, ambaye pia alilinda mahali hapo, fundi kijana alipomaliza kujifunza hakupewa alama ya mwalimu wake. Ile ilibaki na mwenyewe. Kijana aliichukua vilevile ilivyo, akaongeza mstari. Hapo aliyeisoma alijua mambo mawili: huyu ametoka kwa nani, na huyu si yule. Sijui kama limeandikwa popote. Nilipitisha kidole kutoka jiwe la mwalimu mpaka la mwanafunzi, nikafumba macho nikarudia, na sikuweza kujua kwa kidole ni wapi mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza.

Wengine walitoka kupiga picha langoni. Mimi nilikaa chini nikaegemea nguzo, chai mkononi. Labda nilisinzia, maana Jumamosi nilikuwa nimelala kidogo. Nilisikia kengele za mbao, zile zetu, zikija taratibu kutoka upande wa lango. Wakaingia ngamia wetu, Baba, wote, hata yule jike mzee aliyekufa nikiwa darasa la tano. Walipita katikati ya nguzo bila haraka, kila mmoja akapiga magoti mahali pake, na kwenye paja la kila mmoja nikaona chapa yetu, mstari uliosimama na pembe mbili juu. Wewe ulikuwa mlangoni umeshika fimbo, unahesabu bila kuhesabu, kama kawaida yako. Ukafika mwisho, ukatazama nje. Kuna mmoja hakuwa ameingia. Nikaamka chai ikiwa imepoa.

Nililia tena, na safari hii Elif hakuwa na sweta la kunipa. Nimekuwa mwoga, Baba. Umenilea kusoma chapa, nami nikamwacha mnyama wangu bila chapa kwa sababu ya neno moja nililoogopa kulisema.

Basi nalisema. Chuma kiende kwa Ekal. Mikono yake iko huko na yangu haiko, na ngamia hangoji mtu amalize shahada. Baba Mdogo asione kwamba nimeshindwa, ila asione pia kwamba sijaumia. Nimeumia. Lakini Nakwang ni wangu, wewe ndiye uliyesema. Naomba Ekal amchape chapa yetu palepale pajani, halafu chini yake aongeze mstari mmoja mfupi. Nikiolewa siku moja, mtajuana wenyewe na wazee wa huko. Mstari ule hauendi popote.

Barua hii inaletwa na mwenzangu wa Meru anayerudi likizo, ataiacha kwa mchungaji kanisani. Nisalimie Nyanya, na umwambie dua zake zinafika. Nisalimie Mama Guyo jirani na maziwa yake, huku nayakosa kila siku. Msalimie dada yangu mdogo, aache kuvaa viatu vyangu. Ekal mwambie sina kinyongo naye, na asimchape Nakwang chuma kikiwa kimewaka sana.

Mama, asante kwa matawi. Pumzika sasa.

Alama nimeichora hapa chini kwa penseli. Mstari wa chini umepinda kidogo, mkono ulitetemeka. Naona nimekurithi hata hapo, Baba. Jumapili baada ya ibada nitakupigia, na ukiniuliza nasema aje, utanisikia mpaka mwisho.

Mfungueni Nakwang.

Mimi binti yako,
Akiru