Mfanye Mzee Awe Safi

Ukunda,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu mpendwa Kitsao,

Shikamoo kaka. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Kahaso, na kutoka kwa wanangu, ambao wamerefuka hata sare za shule zinawacheka. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na huo tumekwisha kuuhesabu kuwa mmoja wa jamaa. Je, wewe hujambo? Afya yako je? Kazi je? Safari hii siulizi kwa mazoea ya barua. Nauliza kwa sababu nataka kujua. Tangu Pasaka simu yako haishiki, na tukiulizwa habari zako tunajibu kwamba u mzima, kama watu waliokuona jana.

Barua hii ataileta Mbinya, binti wa jirani yangu, anayekuja huko Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Dada yake Nzembi yuko huko tayari, na aliwahi kukuona katika duka wanamouza unga wa ugali. Nimemwomba Mbinya, akikukosa, aiache kwa mwenye duka, maana hujawahi kukaa muda mrefu bila ugali. Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu yako imenishinda, na kwa kuwa nina jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijalifikisha.

Nianze na ndevu za baba, kwa sababu yote yameanzia hapo. Wewe unazijua kuliko sisi sote. Zilikuwa kazi yako. Kila Jumamosi kule nyumbani Samburu ulikuwa ukimkalisha nje kwenye kile kiti cha kamba, taulo shingoni, ukipasha mafuta ya nazi kati ya viganja, ukizichana kwa kitana cha pembe kutoka juu kwenda chini, ndipo utie mkasi. Zamu ya masharubu ikifika ulikuwa ukimwambia afunge midomo na kusukuma ulimi mbele, nami nikicheka jikoni jinsi alivyofanana na mbuzi aliyekataa dawa. Hukuwahi kumtoa hata tone la damu. Na siku ya mnada, akiingia na ndevu zile nyeupe zimekaa sawa, zinang'aa mafuta, wachuuzi wa ng'ombe walikuwa wakimpisha. Akishika ncha ya ndevu kwa vidole viwili, walijua bei haishuki tena.

Ulipoondoka akawa anajitengeneza mwenyewe. Kisha kiharusi kikaja kikachukua mkono wake wa kulia, nami nikamhamishia kwangu hapa Ukunda awe karibu na kliniki. Hilo nilikwambia kwa simu. Ambalo sikukwambia, kwa kuliona dogo, ni kwamba ndevu zilinishinda. Kaka, mimi nakaanga viazi karai kutwa nzima bila kuungua, lakini mkasi karibu na mdomo wa baba mzazi unanitetemesha. Naye anaona haya kushikwa uso na binti yake. Nikimkaribia anageukia ukutani. Basi zikawa zinaota zinavyotaka. Masharubu yakamwangukia mdomoni, akinywa uji nusu unabaki huko, na nzi wakajua mahali pa kuja. Shangazi Esha alipofika kutoka Msambweni kumwona ndugu yake, alitoka nje akalia, akaniambia kwamba kaka yake hakuzaliwa awe mtu wa nzi. Maneno hayo yaliniingia.

Kando ya meza yangu ya viazi kuna kibanda cha kinyozi, kijana wa Kikamba anayeitwa Kivuva. Ni mpole, mikono yake myepesi, na vijana wengi wa hoteli za Diani ndevu zao anazichonga yeye. Nikamwongoza baba polepole mpaka kwake, nikasema maneno haya haya, kwamba huyu ni baba yangu, mfanye mzee awe safi. Halafu nikarudi mbio kwenye karai, kwa sababu wateja walikuwa wamesimama na mafuta yamechemka. Hapo ndipo nilipokosea na sikujua. Kwetu sisi mtu safi ni mtu aliyeoga, akachana, akakaa vizuri. Kwa Kivuva na wateja wake, safi ni kunyoa kila kitu mpaka ngozi. Nilipokwenda kumchukua nilikuta ndevu za baba ziko sakafuni, na kwenye kiti amekaa mzee mwingine, ana kidevu kidogo chenye kishimo katikati. Kidevu chako wewe, Kitsao. Hata siku moja sikujua kwamba ulikitoa kwake.

Nilipiga kelele. Kivuva akaruka na mashine mkononi, akasema, "Si umeniambia safi, mathe? Safi ni safi!" Nilitamani kumpiga na upawa, lakini ningempigia nini? Ni kweli nilisema safi.

Baba hakupiga kelele. Alipapasa mashavu, akapapasa kidevu, akajitazama kwenye kioo cha Kivuva, tena akatazama sakafuni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mmemzika nani?"

Unakumbuka kwamba ndevu za baba zilikuwa zimenyolewa mara mbili tu maishani mwake, alipokufa babu na alipokufa mama, na mara zote ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Kwa mama ni wewe uliyeshika wembe. Kwetu mwenye mji hanyolewi ndevu bure. Na tangu kiharusi kichwa cha baba kinakwenda na kurudi. Mambo ya leo yanamponyoka, ya zamani yamekaa palepale. Basi akili yake ikamwambia kwamba amenyolewa, kwa hiyo matanga yamekwisha. Na kama matanga yamekwisha, yupo mtu wake aliyezikwa. Kwa kuwa hakumbuki mazishi yoyote, ni kwamba tumezika bila yeye. Ukimsikiliza vizuri huoni pa kumkosoa.

Tulipofika nyumbani alikataa kiti. Akakaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, kama wafiwa wanavyokaa. Chakula akakisukuma. Alisema hawezi kutia tonge mdomoni hali hajui ni mtoto wa nani aliye mchangani. Nilimweleza makosa ya kinyozi, nikamweleza tena, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba ameniona nadanganya kwa kumpenda. Kivuva mwenyewe alikuja kuomba radhi, macho mekundu, amebeba mkate. Baba akamshika mkono, akamshukuru kwa kuja kuwanyoa wafiwa, akamwombea baraka. Maskini Kivuva alitoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Kesho yake hakula, na siku iliyofuata hakula. Maji kidogo tu. Muuguzi wa kliniki aliniambia wazi kwamba mzee wa hali ile, na zile dawa zake za presha, asipokula hatutafika naye mbali. Nilimpikia wali wa nazi. Nilimsongea ugali laini nikamtafutia na samaki asiye na miiba. Nilijaribu kumlisha kwa mkono wangu, akafunga midomo vilevile ulivyokuwa ukimwambia afunge. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia Kivuva, nikajikasirikia mimi, nikakukasirikia na wewe, maana ungekuwapo hakuna hata unywele mmoja ungeanguka ovyo.

Shangazi Esha ndiye aliyepata shauri, kwa simu kutoka kwake Msambweni. Alisema kama mzee anataka kujua nani amekufa, basi asikilizishwe sauti za walio hai, mmoja mmoja, mpaka waishe. Shauri likanipendeza. Nikachukua simu nikaketi naye mkekani. Akitaja mtu, napiga, naweka sauti kubwa. Alimtaja Esha mwenyewe, akamsikia akimgombeza kwa Kidigo kwa kukataa chakula. Alimtaja baba mdogo Chengo, akamsikia pamoja na mbuzi wake wakilia nyuma. Alitaja mpaka rafiki yake wa zamani aliyehamia Mkwiro, na yule bwana akacheka sana akauliza kama ndevu bado ni ndefu. Kila sauti ilipojibu, baba alikunja kidole kimoja. Uso ulianza kufunguka, kaka. Hata aliniomba maji bila kulazimishwa. Nikaona tumeshinda. Halafu akasema, "Kitsao."

Sasa nimefika kwenye lile lililonifanya niandike. Ningeweza kukusimulia ndevu mpaka karatasi iishe, na moyo wangu ungependa iwe hivyo.

Nilipiga namba yako. Nilijua haishiki, lakini ningefanyaje, alikuwa amekodolea macho vidole vyangu. Haikulia. Akaja yule mwanamke wa huko anayesema kwenye simu, maneno marefu ya Kiarabu, kwa sauti yake ya upole. Wewe umemzoea, unajua ni kusema tu kwamba simu imezimwa. Baba, mbali na adhana, Kiarabu amekisikia mahali pamoja tu maishani, kwenye mazishi ya ukweni kwa shangazi Esha kule Msambweni. Alivua kofia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanamsomea."

Nilipaswa kusema hapana baba, hiyo ni mashine. Lakini kaka, ningemwapia vipi kwamba u mzima, na mimi mwenyewe sijui? Wale wengine wote niliwathibitisha kwa sauti zao. Yako sikuwa nayo. Na nikuambie ukweli wote: kwa muda ule mfupi, yule mwanamke akisema, hata mimi nilisikia kama anasoma. Nikanyamaza, na kimya changu baba akakipokea kuwa jibu. Alilia sana. Aliniuliza kama ulisumbuka, nikasema sijui. Akasema sasa ameelewa kwa nini hatukumwita mazishini, ni kwa kuwa wamekuzika hukohuko. Kisha akapangusa uso, akaomba ugali. Alikula wote akauliza kama upo mwingine. Nikausonga mwingine, machozi yakidondoka sufuriani, sijui nafurahi au nafiwa.

Ndiyo hivyo, Kitsao. Katika nyumba hii wewe umekufa, na aliyekuua ni mimi dada yako kwa kunyamaza. Nilifikiri atasahau kama anavyosahau kila kitu. Hili hakulisahau. Anampa habari kila anayepita mlangoni. Watu wa Samburu wameanza kufika na pole zao, nami nawapokea, nawachemshia chai, sina uso wa kuwaambia warudi. Shangazi Esha anasema nimefanya dhambi, na kila akipiga simu ananidai sauti yako. Na nikimwambia baba kwamba hujafa, ataniuliza uko wapi basi, na sina la kumwonyesha. Ataacha tena kula. Atarudi mkekani aanze upya kuuliza tumemzika nani.

Ndevu zimeanza kurudi. Ngumu, nyeupe, zimesimama kila upande, na masharubu yameanza kugusa uji. Kivuva anaomba kila siku ruhusa ya kuyapunguza, kwa mkasi tu, mimi nikiwa nimesimama palepale. Baba hataki. Anasema aliyekuwa akimpunguza hayupo. Kile kitana cha pembe amekiweka chini ya mto.

Kama barua hii imekukuta, hata sijui nikuombe nini. Nikisema mpigie baba, naogopa sauti yako itamwangusha. Nikisema njoo, naogopa zaidi, usije ukatokea mlangoni akakuona na kidevu chake. Nikisema nyamaza, mimi sitaweza. Basi anza na mimi. Nipigie mimi. Kama yamekupata ya aibu huko, umefukuzwa kazi au umepotelewa na pasipoti, sitakuuliza hata moja. Taja jina langu tu, kisha ukate. Na kama Mbinya atakosa wa kumpa barua hii, nimemwambia asinirudishie.

Wanangu wanakusalimu na wanaomba viatu, usiwajali. Shangazi Esha anakusalimu sana, na anataka ujue kwamba amekukasirikia. Baba mdogo Chengo anakusalimu kutoka Samburu. Kivuva, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimu na kukuomba radhi. Baba peke yake ndiye hakutumii salamu. Yeye kila jioni anakutaja kwa jina lako lote, na anakuombea upumzike kwa amani.

Ni mimi dada yako mdogo,
Kahaso.