Cheti cha Senti Kumi

Jumanne, baada ya kufunga duka la sarafu za kale

Na cheti nimekwisha kukitia sahihi! Wiki nzima nimejisifu kwamba ile senti kumi yenye tundu, nyembamba kama karatasi, ni kosa la kiwandani, ambalo wakusanyaji hulilipia ghali. Leo Mama Kadzo wa Ganda, aliyetuuzia, amerudi na nyingine mbili, nyembamba vilevile.

"Hizi nazo nimezilaza kwenye maji ya betri, mwanangu," akasema kwa fahari. "Nani atanunua senti nyeusi?"

Nikazitazama kwa lenzi, pamoja na ile ya kwanza. Ukingo umekonda pande zote, herufi zimesinyaa, uso una vishimo. Mtambo ukikosea, herufi huenda kombo lakini hubaki nono. Ningaliitazama kwa lenzi siku ile ningalijua. Sikuitazama.

Nilipomweleza Bi Mwanaisha, mwenye duka, hakuinua hata kichwa.

"Yule mgeni wa Bofa aliyeagiza ile senti anaijia kesho. Wewe nyamaza."

"Bi Mkubwa, sahihi ni yangu."

"Basi ndiyo unyamaze."

Kinachoniudhi ni kwamba amesema kweli. Nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka mgeni akutane na mtu mwenye lenzi. Nikisema, kazi imekwenda, na jinsi nilivyohangaika kuipata...

Nimekichana kile cheti nikaandika kingine: "Imeliwa na tindikali. Si kosa la kiwandani." Nimekiweka chini ya sarafu, nikafunga kabati, nikamkabidhi Bi Mwanaisha ufunguo.

Hajakisoma. Kesho watakisoma pamoja, yeye na mgeni, nami nitakuwa nimesimama pale pale.