Kariakoo ya Bunda

Jumatatu, 3 Machi

Kiwanda cha kuchambua pamba tena. Picha za paa, za boila, za mashine zilizoliwa na kutu. Popo wengi. Niliingia peke yangu kwa sababu Chacha, dereva wetu, alikataa kushuka garini. "Nenda wewe msomi, mimi nina watoto." Akacheka. Mimi sikucheka. Naogopa majengo matupu. Naogopa pia mtu kujua kwamba naogopa.

Kazi yenyewe ni hii: kabla barabara ya kwenda Butiama haijapanuliwa, niandike kila kitu cha zamani kilicho njiani. Kiwanda, mgodi, kaburi. Nisichoandika kitasombwa na greda. Mkataba wangu ni mfupi. Sitaki kukosea.

Nimekula chumbani. Wali na maharage, vimepoa.

Jumatano, 5 Machi

Leo kilima cha nje ya Bunda. Wenyeji wanakiita Kariakoo. Mkandarasi anataka kukichimba apate kifusi cha barabara. Nyasi, mawe, mbuzi. Nimeandika: "Eneo la soko la zamani. Hakuna makaburi." Kila mji una mtu aliyekwenda Dar es Salaam akarudi na jina la soko. Nikasaini.

Meneja wa mradi amepiga simu kutoka Musoma kunisifu. Mara ya kwanza. Nimefurahi kupita kiasi, na sina wa kumwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Picha moja ilitoka na ukungu. Nikarudi kilimani. Nimemkuta Bibi Nyangeta, mwenye wale mbuzi.

"Karani, umerudi kununua nini?"

Nikamwamkia. Nikauliza soko lilikufa lini, na watu waliuzaga nini.

"Hakuna aliyeuza kitu hapa, mjukuu wangu. Walibebaga."

Mizigo ya Waingereza, akasema. Vita ile ya Mjerumani. Baba mkwe wake alisimuliwa na baba yake: wanaume wa mbali, wamebeba masanduku ya risasi na unga kichwani, wakafa kwa kuhara. Wakafukiwa hapo hapo kilimani. Ndiyo maana hapo watu hawalimagi. Kisha akaniacha, akamfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mihogo.

Kariakoo ni Carrier Corps. Kikosi cha wapagazi. Nililisoma sekondari, nikapata swali hilo. Hata soko la Dar limepata jina kwao, kambi yao ilikuwa pale. Nimelitamka neno hili maisha yangu yote na sijawahi kulisikia.

Nikayatazama mawe upya. Yamepangwa kwa safu. Nilikuwa nimekalia moja.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi yote nimeishika simu. Mchana nikapiga.

Meneja hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Si wewe uliyesaini soko? Au bibi wa mbuzi ndiye mtaalamu siku hizi?" Mtambo unaingia kilimani Jumatatu. Halafu akauliza kama kazi naitaka au siitaki.

Nikasema naitaka.

Mwoga. Sina neno jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Chacha yuko Butiama, harusini. Hakunialika, na kwa nini anialike.

Nikinyamaza hakuna atakayejua. Wale wa kilimani hawana ndugu wa kuja kulalamika. Jambo hilo ndilo linalonitisha. Wanaweza kumwagwa barabarani, magari yapite juu yao, na asipatikane hata mtu mmoja wa kuudhika.

Mimi je. Nikifia chumbani humu, mwenye nyumba atagonga siku ya kodi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeandika taarifa ya pili. Mstari wa kwanza: "Nilikosea." Nimeufuta, nimeurudisha, nimeufuta. Sasa upo.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika ofisi ya wilaya kabla milango haijafunguliwa. Afisa utamaduni ni mama mmoja mpole, ila anasoma taratibu, na kila alipotulia nilitaka kukimbia. Akaweka taarifa mbili sambamba.

"Saini zote ni zako?"

"Zote, mama. Ya kwanza ni makosa yangu."

Akavuta simu.

Tulipofika kilimani mtambo ulikuwa umeshakwangua upande wa chini. Safu moja imekwenda. Kwenye kifusi kulikuwa na mfupa mrefu, wa rangi ya chai. Opereta akazima injini, akavua kofia bila kuambiwa. Safu nyingine zimebaki. Zimewekewa kamba.

Jioni nimekabidhi kamera. Meneja hakutaka hata kunipigia, amemtuma Chacha. Chacha alinibebea begi mpaka stendi. Hakutania.

Safu moja. Ningekwenda wilayani Ijumaa, ingekuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Musoma, Mwigobero. Nangoja boti ya kwenda nyumbani, Kiriba. Mama nimemwambia tu kwamba kazi imeisha. Mvua imenyesha asubuhi, ziwa limetulia.

Mbele yangu wanapakia magunia ya dagaa. Wabebaji wanapita kwenye ubao mwembamba, shingo zimekakamaa. Tajiri anawaita wote "wewe." Mmoja amekaa karibu nami kupumzika, rika langu, kitambaa kimelowa jasho. Nikamuuliza anaitwa nani.

Alinitazama kama anayetafuta kosa alilofanya.

"Magesa," akasema.

Akaitwa, akainuka, akaenda kubeba.