Kiangazi cha Kuuona Mlima

12 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Jiko la wageni halijakuchosha? Mimi mzima, ila macho yananisumbua kidogo. Uzi na tundu la sindano siku hizi havipatani. Nimeamua kufunga cherehani wiki nzima nije huko mlimani kupumzika, kama watu wenye nafasi zao. Wewe unayewapikia wageni, niambie, mwezi gani mzuri?

Dada yako

2 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako imenichekesha hadi mpishi mwenzangu kauliza kama nimepata mchumba. Karibu sana! Ila usije sasa. Mvua hazikatiki, mlima umejifunika gubigubi. Wageni wanarudi kwao na picha za ukungu. Subiri kiangazi, mwezi wa nane. Asubuhi unauona wote, na theluji yake kileleni. Lete sweta. Hayo macho yatafutie miwani.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Habari za kazi? Miwani haisaidii. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Juzi nimemshonea mteja shati, mkono mmoja nimeugeuza nje ndani. Akalitazama, akanishukuru, akaenda zake. Hajarudi tena. Mwezi wa nane nauona mbali. Nije na mvua hivyo hivyo?

Dada yako

6 Juni

Dada, shikamoo, na pole. Pole sana.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi. Ningesema njoo leo, lakini kilima kimeporomoka na barabara imekatika. Hata unga unapandishwa huku kwa migongo ya watu. Nimeomba ruhusa nishuke kwa miguu. Meneja wa hoteli kasema nikienda nisirudi. Tumia dawa, Dada, usiruke hata siku moja. Njia ikifunguka tu nitakuarifu.

Mdogo wako

11 Agosti

Dada, shikamoo.

Njia imefunguka! Mbingu safi, hakuna wingu. Nimekuombea chumba chenye dirisha linalotazama mlima. Barua mbili hujajibu, ya Juni na ya Julai. Kuna nini? Panda gari uje.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Anayeandika ni jirani, mimi namtajia tu. Usiniwekee chumba. Mwezi wa saba ulipoisha niliamka nikadhani hakujakucha, nikakaa kitandani nikisubiri, hadi nikasikia watoto wanatoka shule.

Cherehani nimemwachia jirani huyuhuyu. Usilie jikoni kwa watu.

Mlima ningeukosa ningesema basi, nimezaliwa bila mlima. Niliyekuwa nataka kumwona ni wewe. Ulipoondoka hapa hata ndevu hazijaota, unajipaka mafuta kidevuni ziharakishe. Jirani ananiuliza sasa unafananaje, nami nimeshindwa kumjibu.

Dada yako