Nilibandua Tangazo la Mnada Getini, Sasa Jirani Hana pa Kwenda

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie, maana nimefika mahali ambapo nikimwona muuguzi wa chumba cha pili anakuja najifanya natafuta sindano chini ya meza, na mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, sikuzaliwa kujificha chini ya meza.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja na kibaraza cha kushonea kwenye nyumba ya vyumba vitano, na mwenye nyumba ni seremala mstaafu ambaye wote tunamwita Mzee Randa, kwa sababu mpaka leo hawezi kupita kwenye ubao bila kuupapasa. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, milango yote kaipiga randa mwenyewe, na siku naolewa, kwa kuwa baba yangu alikwishafariki, yeye ndiye aliyesimama akasema huyu ni binti yangu, na siku ndoa ilipovunjika hakuniuliza swali hata moja, aliniletea kitasa kipya, akakifunga mlangoni, akasema lala, mwanangu.

Sasa miezi minne iliyopita natoka asubuhi kufagia, nakuta karatasi imebandikwa getini, ina muhuri wa benki, inasema nyumba itapigwa mnada kwa sababu mkopo haujalipwa. Kumbe Mzee aliiweka rehani ili mwanawe anunue lori, lori limeshapinduka, na mwana hapokei simu. Kabla sijamaliza kusoma Mzee yuko nyuma yangu na kandambili zake, akasema, "Mwanangu, nistiri. Nipe mwezi mmoja tu. Wapangaji wakijua watakimbia, na wakikimbia hiyo benki nitailipa na nini?" Mshauri, mzee wa umri ule anishike mkono kwa mikono yake miwili, mimi ni nani nimkatalie? Nikaibandua. Na kwa vile sisi mafundi karatasi nzito hatuitupi, nikaigeuza, nikachora umbo la kola upande mweupe, nikalikata, na mpaka leo nimeshakatia kola kumi na nne kwa karatasi ile ya benki. Tarehe ya mnada ilikuwa kwenye vipande nilivyovifagia, wala sikuiweka kichwani.

Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Muuguzi ana mapacha wa miaka mitatu na mumewe anafanya kazi mbali, akapata vyumba viwili karibu na hospitali, maji ndani, bei ileile, akaja kwangu kama ndugu, "Dada, nihame nisihame?" na Mzee amekaa palepale kwenye benchi anasikia, mimi nikasema, "Uhame uende wapi? Nyumba yenye amani kama hii utaipata wapi tena?" Akabaki, vile vyumba vikachukuliwa na watu wengine, na wiki ileile Mzee akamwomba kodi ya miezi sita mbele, akatoa, mimi nikiwa shahidi, na risiti haikuandikwa kwa sababu mimi mwenyewe nilisema Mzee ni wetu, risiti ya nini.

Jumanne iliyopita wamekuja wanaume wawili na utepe wa kupimia, wakapima ukuta, wakapiga picha milango, wakaondoka bila kumsalimia mtu. Muuguzi akatoka na pacha mmoja kiunoni, akaniuliza mbele ya watu, "Dada, wewe ulikuwa unajua?" Nikasema, "Mimi nijulie wapi?" Akaniamini, mshauri, akaniambia pole na wewe, na hilo ndilo linalonila.

Sikufichi na la mwisho. Mimi pa kwenda nimeshapata, tangu mwezi uliopita, duka dogo lenye chumba nyuma, nimeshalipia. Nawaza nihamishe vitu kidogo kidogo, leo meza, kesho pasi, nikiulizwa nasema napeleka kutengenezwa. Mzee anasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemzika angali hai, na muuguzi nikimwambia najua nimempoteza. Nihame vipi bila kuvunja moyo wa mtu? Tafadhali jina langu usilitaje.

Fundi Roho Mkononi

*

Marahaba, fundi.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipouliza huyo muuguzi atalala wapi na wanawe. Sijapaona. Umeuliza utahama vipi bila kuvunja moyo wa mtu. Moyo umeshauvunja, mama, ila mwenyewe hajaambiwa.

Kuhusu Mzee nakuelewa, tena sana. Mtu aliyekufungia kitasa siku ambayo hukuwa na mtu, kumwambia hapana ni kazi ngumu. Lakini naye alilijua hilo alipokushika mkono. Angemwomba msaada dalali? Angemwomba mwanawe? Alimwomba yule anayejua hawezi kukataa. Halafu akakaa kwenye benchi akisikiliza mama wa mapacha anadanganywa, na wiki hiyohiyo akapokea kodi ya nusu mwaka kwa nyumba ambayo anajua huenda isimalize nusu mwaka mkononi mwake. Huo ni wizi, hata kama ulianza kwa shikamoo na marahaba. Namhurumia kwa lori na kwa mtoto aliyemkimbia. Kwa hilo la kodi simhurumii.

Kabla sijapewa ukurasa huu nilikuwa karani wa mahakama miaka kumi na tisa. Nimeona vitanda vikitolewa barabarani mvua inanyesha, na karibu kila nyumba ilikuwa na mpangaji mmoja aliyejua mapema. Huyo siku yenyewe humkuti. Godoro lake limeshafika kwingine. Nilikuwa nawachukia watu hao, na sikuwahi kupata nafasi ya kuwaambia. Leo nimeipata, kwa hiyo utanivumilia.

Sasa tufanye kazi. Leo hii waite wapangaji wote, na Mzee awepo, useme kila kitu kama ulivyoniandikia mimi, mpaka hiyo kola. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wale wawili wenye utepe hawakuja kupima mapazia. Kesho asubuhi nendeni benki pamoja, wawili watatu, mkaulize mnada ni lini, dalali ni nani, na je, kuna nafasi ya kuuahirisha. Ulitupa tarehe, wewe ndiye wa kuifuata.

Mkitoka huko andikeni barua moja, nakala kwa benki na kwa dalali: sisi ni wapangaji, kila mmoja ameingia lini, amelipa mpaka lini. Wote mtie sahihi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Anayenunua nyumba asije akasema hakujua kuna watu ndani. Wengine hununua nyumba na wapangaji waliomo wakaendelea kukaa, hivyo ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Kodi msiache kulipa kwa hasira. Mpaka nyumba iuzwe, au benki iwaandikie vingine, Mzee bado ndiye mwenye nyumba, na mkikata kodi mtampa mtu sababu ya kuwatoa. Ila mlipe mwezi kwa mwezi, na kwa risiti. Akija mtu na gari zuri na funguo akasema mimi ndiye mwenye nyumba mpya, mwambieni alete karatasi. Msisaini msichokisoma, wala msitoke kwa sababu mtu amefoka. Mahali pengi mnunuzi hawezi kutupa vyombo vya watu nje siku ya mnada, lazima atoe notisi au apite mahakamani. Lakini sheria hazifanani, kwa hiyo karatasi zenu zipelekeni kwa wanasheria wa msaada wa bure, waone mikataba, waone risiti. Ambaye hana risiti aandikiwe.

Na hapo namaanisha muuguzi. Mzee akae chini aandike kwa mkono wake kwamba amepokea kodi ya miezi sita, tarehe fulani, na wewe utie sahihi kama shahidi. Akisema unamzika, mwambie unamwandikisha tu. Akilia, mpe maji anywe, kisha mpe kalamu.

Limebaki duka lako. Ulimtoa muuguzi kwenye vyumba alivyokuwa ameshavipata, na wewe una chumba kitupu nyuma ya duka. Mpe. Ahamie yeye na mapacha, na wewe ubaki hapo usubiri mnada pamoja na wenzako. Cherehani iweke mbele, dukani, mchana uende ushone, chumba ni chake mpaka apate kingine. Anaweza kukataa, anaweza kukutukana mbele ya mtaa mzima, na hayo yote ana haki nayo. Usijitetee. Urafiki sikuahidi kwamba utarudi, sidhani.

Umeniomba nisitaje jina lako na sijalitaja. Lakini nyumba yenye fundi cherehani, seremala mzee na muuguzi wa mapacha siwezi kuificha, na sikujaribu. Gazeti hili linafika mitaani saa kumi na mbili asubuhi, na hospitalini watu wanasoma. Weka mkasi chini, toka hapo kwenye cherehani, mtafute. Asikie kwako kabla hajasoma kwangu.