Moshi Chini ya Kiti cha Mkubwa

Makoko, Musoma

Mjukuu wangu Nyangeta,

"Gari likiharibika, mkosaji ni dereva." Ndivyo bosi wako anavyosema, na anataka usaini barua ya kumfukuza dereva wenu. Uongo mtupu! Shangazi yako amejifungua salama. Mimi nimechoka, ila kwa hili sinyamazi.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi magari huko Bunda. Gari la mkubwa mmoja lilikuwa likifunga na kufungua milango, na kukaza viti, kwa upepo uliopita kwenye mipira myembamba. Siku moja milango ikagoma, mkubwa akakwama ndani juani. Alipotoka akamwita dereva wake, Wambura, mhujumu.

Sisi mafundi tulikagua milango yote, mizima. Bibi mmoja wa Mugeta, kiko mdomoni, akatucheka: "Nyie wanaume, upepo mnautafutaga kwa macho?" Akapuliza moshi kwenye mpira mmoja. Moshi ukatokea chini ya kiti cha mkubwa, pale alipokuwa akijibwaga kila siku mpaka mpira ukapasuka.

Wambura alikuwa ameshafukuzwa, wala hakurudishwa. Barua yake niliisaini mimi, kama fundi shahidi.

Wewe na wenzako hapo ofisini, msisaini. Kakagueni kwanza kiti cha bosi.

Babu yako